Nyutrino ya Boksburg: wimbi lililonaswa chini ya mgodi wa dhahabu



Habari tunayowaletea safari hii imeanzia mezani kwetu, baada ya chakula cha jioni. Kijana wetu wa mwisho, anayesoma sekondari hapa, alikuja na daftari lake la fizikia akauliza: "Baba, kitabu kinasema momenta ni tungamo la kitu mara kasi yake. Halafu ukurasa wa mbele kinasema mwanga ni wimbi, hauna tungamo, lakini una momenta. Sasa hiyo momenta inatoka wapi?" Tulitaka kumjibu kwa Kiswahili, maana hiyo ndiyo kanuni ya nyumbani kwetu, tukajikuta tumekwama. Sisi tuliosomea uhandisi India miaka ya tisini, na ambao tumeishi kwa kazi hiyo hadi leo, tukakwama mbele ya mtoto.

Tulimwomba atupe siku mbili. Tulipokuwa tunatafuta njia ya kumweleza, tuligundua kwamba jibu lake lina historia, na sehemu moja kubwa ya historia hiyo ilitokea hapa hapa tunapoishi, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka katikati ya jiji. Tena inawagusa wazee wetu wenyewe. Ndiyo maana tumeona tuwashirikishe.

Wengi wenu mmetua uwanja wa ndege wa OR Tambo. Jirani yake, upande wa kusini, uko mji wa Boksburg. Huko kulikuwa na mgodi wa dhahabu uliojulikana kwa herufi nne, ERPM, yaani East Rand Proprietary Mines, ulioanza mwaka 1893 na ukaja kuwa miongoni mwa migodi yenye kina kirefu kuliko yote duniani. Katika mgodi huo, zaidi ya kilometa 3 chini ya nyasi, tarehe 23 Februari 1965, binadamu alinasa kwa mara ya kwanza nyutrino iliyotengenezwa na maumbile na si na mtambo wa watu. Tukiwaambia hivyo wageni wetu hutucheka. Basi tueleze tangu mwanzo.

Hesabu isiyokubali kupotea

Momenta ni nini? Aliyewahi kuruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda gatini anaijua, hata kama hakuwahi kuingia darasani. Ukiruka kwenda mbele, mtumbwi hurudi nyuma. Kabla hujaruka, wewe na mtumbwi mlikuwa mmetulia, na jumla ya momenta ilikuwa sifuri. Baada ya kuruka, ya kwako inaelekea gatini na ya mtumbwi inaelekea majini. Ukizijumlisha, moja inaifuta nyingine na unarudi kwenye sifuri ile ile. Jumla haiongezeki wala haipungui. Wahandisi tunaitegemea kanuni hii kama muuza duka anavyotegemea daftari lake: kilichoingia na kilichotoka lazima vilingane.

Mwanzoni mwa karne ya 20 daftari hilo lilikataa kulingana. Ziko atomu zisizotulia, ambazo kiini chake hutema elektroni na kugeuka kuwa kiini cha atomu nyingine. Kama kiini kilichotulia kinagawanyika vipande viwili tu, basi vipande hivyo lazima viende pande tofauti kwa momenta iliyo sawa, kama wewe na mtumbwi, na elektroni lazima itoke na nishati ile ile kila mara. Mwaka 1914 James Chadwick, akifanya kazi Berlin, alipima akakuta sivyo. Elektroni zilitoka na nishati za kila kiwango, nyingine nyingi, nyingine kidogo. Mwaka 1927 Charles Ellis na William Wooster walipima Cambridge kwa njia ya joto wakathibitisha kwamba sehemu ya nishati kweli haionekani ilikokwenda.

Wakubwa wa fizikia waligawanyika. Niels Bohr, Mdenmarki aliyekuwa kama mzee wa baraza, alikuwa tayari kusema kwamba huenda ndani ya kiini daftari halilingani kila siku, bali kwa wastani tu. Wolfgang Pauli alikataa. Tarehe 4 Desemba 1930 aliandika barua kutoka Zürich kwa wenzake waliokuwa wakikutana Tübingen, Ujerumani, akitoa pendekezo ambalo mwenyewe aliliona la kukata tamaa: huenda kuna kipande cha tatu, kisicho na chaji, chepesi mno, kinachotoka pamoja na elektroni bila kuonekana. Yeye mwenyewe hakuhudhuria mkutano huo, kwa sababu alikuwa na dansi Zürich asilotaka kulikosa.

Tuseme kwa lugha ya dukani. Jioni fedha zimepungua. Bohr anasema, pengine kujumlisha kwenyewe kuna kasoro. Pauli anasema, kujumlisha hakuna kasoro, ila kuna mtu amepita mlango wa nyuma na fungu lake, nasi hatukumwona.

Enrico Fermi, Mwitaliano, aliijenga nadharia kamili kuhusu kipande hicho mwaka 1933 na 1934, na jina lililoshika likawa la Kitaliano: nyutrino. Wataliano huongeza mkia mwishoni mwa neno ili kupunguza ukubwa, kama sisi tunavyoongeza ki- mwanzoni: mto ukawa kijito, mlima ukawa kilima. Nyutrino kwa Kiswahili chetu ingekuwa kinyutroni, yaani nyutroni ndogo. Tulipomwambia kijana wetu hivyo alicheka, na tangu siku hiyo neno hilo halijamtoka.

Wimbi na momenta ni ndugu

Sasa turudi kwenye swali lake. Je, kitu kisicho na tungamo kinawezaje kuwa na momenta?

Kanuni ya tungamo mara kasi ni ya kweli kwa mitumbwi, magari na mawe. Lakini ni kipande tu cha kanuni kubwa zaidi. Mwaka 1923 Arthur Compton, Mmarekani, alionyesha kwamba miale ya eksirei ikigonga elektroni huisukuma kama gololi inavyosukuma gololi, na yenyewe hurudi ikiwa na urefu mkubwa zaidi wa wimbi. Yaani mwanga unapotoa momenta, wimbi lake hurefuka. Mwaka uliofuata, 1924, Louis de Broglie wa Ufaransa aliwasilisha tasnifu yake akiligeuza jambo hilo: kama wimbi la mwanga lina momenta, basi na kitu chenye tungamo lazima kiwe na wimbi. Kanuni yake inaingia kwenye kiganja cha mkono. Urefu wa wimbi ni namba ya Planck ukiigawa kwa momenta. Momenta ikiwa kubwa, wimbi ni fupi. Momenta ikiwa ndogo, wimbi ni refu.

Kwa nini basi hatujioni tukipepea kama tanga? Kwa sababu namba ya Planck ni ndogo kupita kiasi. Mtu wa kilo 70 anayetembea mita moja kwa sekunde ana wimbi ambalo urefu wake kwa mita ni sifuri na nukta, zikifuata sifuri nyingine 35, ndipo ije tarakimu ya 9. Hakuna kipimo cha kulipata. Lakini elektroni ni nyepesi. Mwaka 1927 Clinton Davisson na Lester Germer, huko New York, walirusha elektroni kwa volti 54 kwenye fuwele ya nikeli. Kwa kanuni ya de Broglie wimbi lake lilipaswa kuwa na urefu wa nanomita 0.167, ambao unalingana na nafasi kati ya atomu na atomu. Elektroni zikatoka kwa wingi kwenye pembe ile ile ambayo mawimbi yangetokea. Vitu vilivyohesabiwa kimoja kimoja vilijipanga kama mawimbi ya bahari yapitayo kati ya nguzo za gati.

Hapa wanafunzi wengi hukosea, nasi tulikosea vile vile tulipokuwa darasani. Hudhani elektroni inakwenda ikijinyonganyonga kama nyoka. Sivyo. Linalopanda na kushuka ni wimbi linalotuambia ni wapi elektroni ina uwezekano mkubwa wa kukutwa na wapi haina. Na ndiyo sababu mahali na momenta haviwezi kujulikana vyote viwili kwa ukamilifu, kama Werner Heisenberg alivyoeleza mwaka 1927. Fikiria ngoma na zumari. Pigo moja la ngoma linajulikana barabara limepigwa lini, lakini halina sauti unayoweza kuifuata kwa kuimba. Zumari ikivutwa kwa muda mrefu, sauti yake inajulikana vizuri, lakini huwezi kusema "sauti imetokea sasa hivi", maana imetanda. Wimbi lenye urefu mmoja kamili, yaani lenye momenta moja kamili, limetanda kila mahali.

Hilo ndilo lilikuwa jibu letu kwa kijana: momenta si mali ya tungamo peke yake. Ni mali ya wimbi, na tungamo ni mojawapo tu ya sababu zinazolifanya wimbi liwe fupi au refu.

Kwa nini ndani ya mgodi?

Nyutrino ilikaa miaka 26 kabla ya kuonekana. Mwaka 1956 Frederick Reines na Clyde Cowan, kule Carolina ya Kusini, Marekani, waliinasa karibu na mtambo wa nyuklia wa Savannah River, wakampelekea Pauli simu ya maandishi kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Lakini hizo zilikuwa nyutrino za mtambo. Zile za angani, zinazonyesha juu ya kila mtu mchana na usiku, hakuna aliyekuwa amezinasa.

Ugumu wake ni huu. Angani kunakuja mionzi kutoka mbali sana, hugonga hewa ya juu, na katika kugonga huko huzaliwa chembe nyingi, zikiwamo muoni na nyutrino. Muoni ni kama elektroni iliyonenepa, tungamo lake ni mara 207 hivi. Muoni huacha alama kila inapopita, na ni nyingi mno. Nyutrino haiachi alama, ila mara chache sana inapogonga kiini cha atomu, na hapo huzaa muoni mpya. Kutafuta muoni hiyo moja juu ya ardhi ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona sokoni Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Inabidi kwanza soko linyamazishwe, na kinachonyamazisha muoni za angani ni mwamba, tena mwingi.

Reines alikuwa amehamia Chuo cha Teknolojia cha Case, Cleveland. Akaungana na Friedel Sellschop, mwanafizikia wa nyuklia wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand hapa Johannesburg, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo. Wakapewa nafasi ndani ya ERPM, kina cha kilometa 3.2 hivi, mahali ambapo joto la mwamba wenyewe hufikia digrii 50. Huko walipanga matangi 36 ya plastiki angavu, kila moja lenye urefu wa zaidi ya mita 5, yamejaa mafuta maalumu yanayotoa mmweko hafifu wa mwanga chembe inapopita. Mirija ya umeme yenye uwezo wa kukuza mwanga ilikaa kwenye ncha zake kama macho yasiyolala.

Ujanja wao mkubwa ulikuwa katika mpangilio, na hapo ndipo momenta inaporudi. Matangi yalipangwa kuwa kuta mbili zilizosimama, zikitazamana. Muoni chache za angani zinazofaulu kufika kina hicho hutoka juu, kwa sababu njia ya wima ndiyo fupi. Ya ubavuni haiwezekani, ingelazimika kupenya makumi ya kilometa za mwamba. Lakini nyutrino haijali mwamba, hutoka pande zote, hata chini ya miguu yetu baada ya kuivuka dunia nzima. Na nyutrino yenye nishati kubwa inapogonga na kuzaa muoni, momenta yake haipotei: muoni inairithi na kuelekea karibu upande ule ule. Kwa hiyo muoni ikipita kwa ulalo, ikauvuka ukuta wa kwanza na wa pili, mama yake hawezi kuwa mwingine ila nyutrino. Daftari lile lile lililomfanya Pauli aibuni ndilo lililotumika kuikamata.

Tarehe 23 Februari 1965 kuta zote mbili ziliwaka.

Haki itendeke: hawakuwa peke yao. Kwenye mgodi mwingine wa dhahabu, Kolar, kusini mwa India, kina cha kilometa 2.3, Wahindi pamoja na wenzao wa Japani na Uingereza walikuwa wakitafuta kitu hicho hicho. Wa Boksburg walitangulia kunasa, wa Kolar walitangulia kuchapisha, matokeo yote yakatoka mwezi mmoja wa Agosti 1965. Sisi tuliosoma Bangalore tulikuwa kilometa mia moja hivi kutoka Kolar kwa miaka minne, na hatukuwahi kwenda kuona. Mgodi wenyewe ulifungwa mwaka 2001. Mtafuta mali hachoki, lakini mara nyingine hupita karibu nayo asiijue.

Waliochimba njia

Karatasi ya Agosti 1965 ina majina manane, na yote ni ya wanasayansi. Hatuna ugomvi nao. Kazi yao ni kubwa na Reines alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995. Lakini wahandisi tuna tabia ya kuuliza: hilo shimo la kilometa 3.2 nani alilichimba?

Mwaka 1965 Afrika Kusini ilikuwa katika giza lake. Miezi minane tu kabla, Juni 1964, Nelson Mandela na wenzake walihukumiwa kifungo cha maisha na kupelekwa kisiwa cha Robben. Sheria ya mwaka 1959 ilikuwa imewafungia Waafrika mlango wa vyuo kama Witwatersrand, isipokuwa kwa kibali cha waziri. Migodini, sheria ya mwaka 1911 na ile ya 1926 ziliwatengea Wazungu kazi za ujuzi. Mwafrika aliruhusiwa kutoboa mwamba, kupakia, kusukuma na kulala kompaundi. Alikuwa karibu na mtambo wa nyutrino kuliko profesa yeyote, lakini mtoto wake asingeweza kukaa kwenye darasa la profesa huyo.

Na hao wachimbaji walitoka wapi? Walitoka Msumbiji, Lesotho, Nyasaland, Pondoland, na pia kwetu. Wenyeji wa Rungwe, Mbeya na Songea wanalijua neno Wenela. Ni herufi za WNLA, chombo cha kuajiri wafanyakazi wa migodi, ambazo vinywa vya wazee wetu vilizigeuza kuwa jina la nchi. Mtu hakusema "nakwenda Afrika Kusini", alisema "nakwenda Wenela". Serikali ya Tanganyika huru iliukomesha uajiri huo mwanzoni mwa miaka ya sitini, kwa sababu haikuwezekana kupinga ubaguzi huku tukiupelekea mikono ya vijana wetu.

Baba yetu mkubwa alikwenda Wenela katikati ya miaka ya hamsini. Alirudi Tukuyu na sanduku la bati, koti zito, mablanketi mawili, na maneno ya Kifanakalo ambayo alitutukania sisi watoto tulipomwibia ndizi. Mgodi aliofanyia kazi hakuutaja jina, aliuita "kule chini". Tulipomwuliza kule chini kukoje, alisema mambo mawili: kuna joto, na mwamba unaongea. Tulidhani ni hadithi za wazee. Tulipokuja kuwa wahandisi ndipo tulipojua kwamba mwamba uliobanwa na kilometa tatu za uzito kweli hulia kabla ya kupasuka, na mchimbaji asiyeusikiliza harudi juu. Mzee wetu alikuwa anatufundisha mawimbi, sisi tukacheka.

Alikuwa na kikohozi. Hospitali nyumbani walimtibu kifua kikuu, akapona nusu, akaugua tena, akafariki sisi tukiwa darasa la saba. Vumbi la mwamba wa dhahabu, linalokaa kwenye mapafu na kuyageuza kovu, hakuna aliyelitaja.

Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya hapa Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia kati ya wachimbaji wenye ugonjwa huo na kampuni sita za migodi, ya thamani ya randi bilioni 5 hivi, na ukaundwa mfuko unaoitwa Tshiamiso kuyatekeleza. Ni jambo jema, na kama mna ndugu anayestahili, mwambieni aulizie. Lakini makubaliano hayo yanahesabu kazi iliyofanywa tangu tarehe 12 Machi 1965. Tulipoisoma tarehe hiyo tuliacha kusoma tukahesabu kwa vidole. Kutoka mmweko wa Boksburg hadi siku hiyo ni siku 17. Wazee wa Wenela kutoka kwetu, ambao walikuwa wamesharudi makwao, wako upande wa nyuma wa mstari. Ile nyutrino pia iko nyuma ya mstari, ila yenyewe imeandikwa.

Kilichofuata

Kazi iliyoanzia migodini haikuishia hapo. Kwenye mgodi mwingine wa dhahabu, Homestake, Dakota ya Kusini, Raymond Davis alihesabu nyutrino za jua kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini akapata theluthi moja tu ya zilizotarajiwa. Daftari likakataa tena. Safari hii wengi walidhani jua limekosewa hesabu, au Davis amekosea. Mhamiaji mmoja wa Kiitaliano aliyehamia Urusi, Bruno Pontecorvo, alikuwa ameshasema tangu mwaka 1957 kwamba nyutrino zaweza kugeuka njiani.

Kugeuka huko ni mambo ya wimbi na momenta tu. Nyutrino ziko za namna tatu, na kila moja inapozaliwa ni mchanganyiko wa mawimbi matatu yenye tungamo tofauti kidogo. Tungamo likitofautiana, kwa nishati ile ile momenta hutofautiana, na momenta ikitofautiana, kwa kanuni ya de Broglie, urefu wa wimbi hutofautiana. Ni kama ngoma tatu zilizoanza pamoja lakini mapigo yake hayalingani sawasawa. Hatua za kwanza husikii tofauti. Baada ya mwendo mrefu zimeachana, na aliyeanza kusikia ngoma ya namna moja anasikia nyingine. Kama zote zisingekuwa na tungamo, zingekwenda sambamba milele. Kwa hiyo kugeuka ni ushahidi wa tungamo.

Mwaka 1998 mtambo wa Super-Kamiokande, Japani, tangi la tani 50,000 za maji ndani ya mlima, uliangalia nyutrino za angani, ndugu wa ile ya Boksburg. Zilizotoka juu, zilizosafiri kilometa 15 hivi, zilifika kama ilivyotarajiwa. Zilizotoka chini, zilizoivuka dunia kwa kilometa karibu 13,000, za namna ya muoni zilikuwa nusu tu. Mwaka 2001 na 2002 mtambo wa Sudbury, Kanada, ndani ya mgodi wa nikeli, ulionyesha kwamba zile za jua nazo hazikupotea, ziligeuka. Davis alikuwa sahihi, na Takaaki Kajita na Arthur McDonald walipewa Nobel mwaka 2015. Leo tunajua kwamba nyutrino ina tungamo, ingawa halifiki hata sehemu moja ya milioni ya tungamo la elektroni.

ERPM ilisimamisha uchimbaji mwaka 2008. Pampu zikazimwa, na maji yakaanza kupanda kutoka chini. Mahali kuta mbili zilipowaka sasa pamefunikwa na maji.

Jumapili moja tulimchukua kijana wetu tukaenda Boksburg. Hakuna cha kutembelea. Tulisimama kando ya barabara, tukatazama uzio na kilima cha mchanga wa njano. Tulimwambia anyooshe kidole gumba. Kwenye kila sentimita ya mraba, nyutrino kama bilioni 65 za jua zinapita kila sekunde, na usiku zinapita vile vile, zikitoka upande wa pili wa dunia na kuingilia nyayoni. Alitazama kidole muda mrefu, kisha akauliza, "Baba mkubwa zilimpitia pia kule chini?" Tukamjibu ndiyo, kama zilivyompitia profesa.

Ndugu wasomaji, tuna ombi moja. Wengi wenu, kutoka Mbeya, Songea, Blantyre hadi Inhambane, mna mzee aliyekwenda Wenela. Kama yuko hai, mkalisheni chini mumwulize: mgodi upi, mwaka gani, kina gani, alifanya kazi gani. Kama hayuko, waulizeni waliomjua, tazameni kwenye sanduku la bati. Mara nyingi karatasi ya ajira bado imo. Andikeni kwenye daftari, kwa lugha mnayoiweza. Fizikia imetufundisha kwamba kinachotoka lazima kionekane mahali kwenye hesabu, hata kama kilipita mlango wa nyuma.

Sisi tumeshaandika la kwetu. Kijana naye amefaulu mtihani wake wa mawimbi, ila anasisitiza kuandika "kinyutroni", na mwalimu wake hajui la kufanya.

Wasalaam.